Kivuli Mahali Watu Walipo: Mwongozo wa Miti na Afya Mjini

Saa tisa na nusu alasiri, mwezi wa pili, kituo cha daladala kisicho na mti jijini Dar es Salaam huwa na mpangilio wake. Abiria hawakusanyiki kwenye kibao cha kituo. Wamejipanga mstari mmoja nyuma ya nguzo ya umeme, kila mtu amejibana ndani ya kivuli chenye upana wa shubiri mbili, na jua likisogea mstari wote unasogea. Mama aliyebeba mtoto mgongoni amefunika kichwa cha mwanawe kwa upindo wa kanga. Mzee mwenye mkongojo amekosa nafasi. Ameegemea ukuta wa duka unaofukuta joto ulilolimeza tangu asubuhi. Hatua mia moja mbele yao, chini ya mwembe mmoja mpana, yuko fundi viatu, wako vijana watano wa bodaboda, yuko mama anayemenya machungwa, na bado nafasi ipo.

Tofauti kati ya makundi hayo mawili ni ya kiafya, na inapimika.

Afya ya mjini ikitajwa, watu hufikiria hospitali, dawa, vyoo na maji safi. Mti unastahili kuingia katika orodha hiyo hiyo, kwa masharti mawili: uwe pale watu wanapotembea, wanaposubiri, wanapofanya kazi na wanapolala, na uvuke kiangazi. Miche elfu moja iliyopandwa siku ya sherehe kisha ikakauka haimfai mgonjwa wa moyo wala mtoto wa shule. Mwongozo huu ni kwa mkazi, mwalimu, kamati ya mtaa, msimamizi wa zahanati au mwenye nyumba anayetaka kivuli kinachofanya kazi.

Mti unaufanyia nini mwili

Faida ya kwanza ni kupunguza joto. Jua likiwaka, mwili hujipoza kwa kutoa jasho na kusukuma damu nyingi kuelekea kwenye ngozi. Moyo hufanya kazi ya ziada, maji hupungua mwilini, figo huelemewa. Kijana mwenye afya hustahimili. Mtoto mchanga, mjamzito, mzee, mgonjwa wa shinikizo la damu au kisukari hawana uwezo huo. Vivyo hivyo kwa machinga, mama lishe na dereva wa bodaboda wanaokaa nje saa kumi kwa siku.

Mti hupambana na joto kwa njia mbili. Majani huzuia mionzi isifike chini, na wakati huohuo hutoa mvuke unaopoza hewa. Shirika la Hifadhi ya Mazingira la Marekani linaeleza kuwa sehemu iliyo kivulini inaweza kuwa baridi kwa nyuzijoto 11 hadi 25 za Selsiasi kuliko ile inayochomwa na jua wakati wa joto kali. Hiyo ni lami, ukuta au bati. Hewa yenyewe hupungua joto kwa kiasi kidogo zaidi, lakini mwili hunufaika na vyote viwili. Usiku nao una hesabu yake: ukuta uliokaa kivulini mchana kutwa hautoi joto chumbani saa nne za usiku, na aliyelala vizuri huamka na mwili uliopumzika.

Uzito wa jambo hili ulionekana katika utafiti uliochapishwa mwaka 2023 kwenye jarida la Lancet, ukihusisha miji 93 ya Ulaya. Watafiti walikadiria kuwa joto la ziada linalosababishwa na ujenzi wa mijini lilichangia vifo takriban 6,700 katika majira ya joto ya mwaka 2015, na kwamba zaidi ya vifo 2,600 vingeweza kuepukwa iwapo miti ingefunika asilimia 30 ya kila mji. Jiji la Medellín nchini Kolombia, lenye joto karibu mwaka mzima, lilianza mwaka 2016 kupanda miti na vichaka kando ya barabara na mifereji, likaunda njia za kijani 30. Jiji liliripoti joto kushuka kwa nyuzi 2 katika maeneo hayo.

Faida ya pili ni akili tulivu. Mwaka 1984 mtafiti Roger Ulrich alichapisha matokeo ya kulinganisha wagonjwa 46 waliofanyiwa upasuaji wa kibofu cha nyongo katika hospitali moja ya Pennsylvania, Marekani. Nusu yao walilazwa vyumba ambavyo madirisha yake yalitazama miti, nusu walitazama ukuta wa matofali. Waliotazama miti waliruhusiwa kwenda nyumbani mapema zaidi na walihitaji dawa kali chache zaidi za maumivu.

Utafiti mwingine wenye somo kwa mitaa yetu ulifanyika Philadelphia na kuchapishwa mwaka 2018. Viwanja vitupu 541 vilivyogeuka majalala viligawanywa kwa kura. Vingine vilisafishwa, vikapandwa nyasi na miti michache na kuzungushiwa uzio mfupi wa mbao. Vingine vilizolewa taka tu. Vingine viliachwa vilivyo. Miongoni mwa watu walioishi karibu na viwanja vilivyopandwa, waliosema wanajisikia huzuni nzito walipungua kwa asilimia 41.5 ikilinganishwa na wale wa karibu na viwanja vilivyoachwa. Kuzoa taka peke yake hakukuleta mabadiliko ya kiasi hicho. Hakuna kilichojengwa cha gharama kubwa pale: nyasi, miti michache, uzio, na mtu wa kufyeka kila baada ya muda.

Faida ya tatu ni mwendo. Shirika la Afya Duniani linawashauri watu wazima kufanya mazoezi ya wastani angalau dakika 150 kwa wiki, na kutembea ndiyo njia iliyo wazi kwa kila mtu. Lakini mtu hatembei kilomita mbili juani kama anaweza kupanda bodaboda. Njia yenye kivuli humfanya atembee kwenda sokoni, msikitini, kanisani au kituoni bila kuhesabu kwamba anafanya mazoezi. Nchini Uingereza, uchunguzi wa watu karibu 20,000 uliochapishwa mwaka 2019 ulionyesha kuwa waliotumia angalau dakika 120 kwa wiki katika mazingira ya asili walikuwa na afya na furaha zaidi kuliko ambao hawakwenda kabisa, iwe dakika hizo walizitumia kwa mkupuo au kidogokidogo.

Watoto wana faida yao ya pekee: macho. Katika shule 12 za jiji la Guangzhou nchini China, wanafunzi wa darasa la kwanza waliongezewa dakika 40 za kuwa nje kila siku ya masomo. Baada ya miaka mitatu, asilimia 30.4 yao walikuwa wamepata tatizo la kutoona mbali, dhidi ya asilimia 39.5 katika shule ambazo hazikubadilisha ratiba. Kinacholinda macho ni mwanga wa nje, ambao hata chini ya mti hupita kwa mbali ule wa darasani. Katika nchi zenye jua kali, mwalimu hawezi kuwatoa watoto nje saa sita mchana pasipo kivuli.

Kuhusu hewa, inafaa kusema ukweli. Majani hunasa vumbi na chembechembe za moshi, na kwenye barabara ya vumbi kazi hiyo huonekana kwa macho. Hata hivyo mti hauwezi kumaliza moshi wa lori bovu au wa taka zinazochomwa uani. Katika barabara nyembamba yenye maghorofa pande zote, matawi yaliyofungamana juu yanaweza hata kuzuia moshi usitoke. Dawa ya moshi ni kupunguza moshi. Miti husaidia pale inapowekwa kati ya gari na mtu.

Anza kwa kuutembea mtaa

Kabla ya kununua mche, tembea. Chagua siku ya jua, toka kati ya saa nane na saa kumi alasiri, beba daftari. Chora barabara kuu ya mtaa, vichochoro, shule, zahanati, kituo cha daladala, bomba la maji, soko, kijiwe cha bodaboda, viwanja vya mpira. Weka alama mahali watu wanapokaa au kusimama zaidi ya dakika tano, kisha weka alama nyingine mahali penye kivuli. Alama ya kwanza isiyokutana na ya pili ndiyo sehemu ya kupanda.

Kipimo kimoja chepesi kimeenea duniani, kilichopendekezwa na mtaalamu wa misitu ya mijini Cecil Konijnendijk mwaka 2021. Kinajulikana kama kanuni ya 3-30-300: kila mtu aone walau miti mitatu akiwa nyumbani kwake, matawi yafunike asilimia 30 ya eneo la mtaa, na bustani au eneo la kijani lisiwe mbali zaidi ya mita 300. Ukikitumia Dar es Salaam, Upanga na Oysterbay zitakuwa na alama nzuri kuliko Manzese na Tandale, na jijini Nairobi, Muthaiga itakuwa mbele ya Mathare. Miti imefuata kipato, ilhali wanaoishi chini ya bati la moto na wanaokwenda kazini kwa miguu ndio wanaoihitaji zaidi. Kamati inayogawa miche ya bure ianze na mitaa hiyo.

Mtaani penye msongamano, usikate tamaa kwa kukosa nafasi. Nyua za shule, misikiti, makanisa, makaburi, ofisi za serikali ya mtaa na kingo za mifereji zina nafasi ambayo kiwanja cha mtu binafsi hakina. Mti mmoja mkubwa kwenye kijiwe huhudumia kaya nyingi. Penye futi chache tu, simamisha kichanja na upandishe pasheni. Ndani ya mwaka mmoja dirisha la magharibi litakuwa na pazia la majani.

Mahali kwanza, aina baadaye

Katika ukanda wetu wa karibu na Ikweta, jua la saa sita hupiga paa, na mti mdogo hauwezi kulizuia. Kuta zinazoteseka ni za mashariki na magharibi. Ukiwa na mche mmoja, uweke upande wa magharibi, kwa sababu jua la alasiri hukuta nyumba ikiwa tayari imepata moto. Miezi ya Desemba hadi Februari, joto la Pwani linapozidi, jua huzama likiwa limeegemea kusini kidogo, hivyo sogeza shimo kuelekea huko.

Kwa njia ya watembea kwa miguu inayokwenda kaskazini na kusini, panda upande wa magharibi wa njia. Kwa ile inayokwenda mashariki na magharibi, chagua mti mpana utakaotandaza matawi juu ya njia yenyewe. Penye magari mengi, panda safu mbili iwezekanapo: ua mnene wa vichaka vya kimo cha kiuno au kifua karibu na barabara kwa ajili ya kukinga moshi na vumbi, na miti ya kivuli upande wa njia. Kwenye makutano ya barabara acha wazi, ili dereva amwone mtoto anayevuka.

Umbali usipuuzwe. Mti mdogo kama mpera au mstafeli uache mita tatu kutoka ukutani. Mti mkubwa uache mita nane hadi kumi kutoka kwenye msingi, karo na bomba. Chini ya nyaya za umeme panda tu mti ambao ukikomaa hautazidi mita nne au tano. Vinginevyo utakatwa kichwa kila mwaka, na mti uliokatwa kichwa hutoa machipukizi dhaifu yanayoanguka kwa upepo.

Mti gani?

Mwarobaini huvumilia ukame, hukua haraka, hubaki na majani muda mwingi wa mwaka na mbuzi hawaupendi. Unafaa vituoni na kwenye vijiwe. Ng'oa miche inayojiotea yenyewe, maana ndege hutawanya mbegu zake hadi kwenye vichaka vya asili.

Mwembe una kivuli kizito kuliko miti mingi ya Pwani. Wa kienyeji hukua mkubwa na unafaa uwanja wa shule au wa mtaa. Wa kubebeshwa hubaki mfupi na unafaa uani. Usiupande juu ya maegesho, na msimu wa maembe panga zamu ya kuokota yaliyoanguka ili nzi wasizaliane.

Mkungu hutandaza matawi kwa ngazi, hustahimili chumvi ya bahari na hufaa fukweni na viwanja vya shule za Pwani. Hupukutisha majani, kwa hiyo mfereji ulio chini yake uzolewe mara kwa mara. Mkwaju hukua polepole lakini ni imara, haung'olewi na upepo kirahisi, na unafaa sana Dodoma na sehemu nyingine kavu. Nyanda za juu kama Arusha na viunga vya Nairobi, mringaringa hukua vizuri na hutoa kivuli kipana.

Mvinje unafaa mchanga wa pwani. Bamburi, kaskazini ya Mombasa, mwanamazingira René Haller alianza mwaka 1971 kupanda mivinje kwenye machimbo ya mawe ya chokaa yaliyoachwa na kiwanda cha saruji, mahali ambapo hata udongo haukuwepo. Majani yaliyoanguka yalivunjwavunjwa na jongoo, udongo ukajengeka, miti mingine ikafuata, na leo eneo hilo linaitwa Haller Park na familia huenda kutembea.

Kuna miti ya kuacha. Mwashoki, unaopandwa sana mbele ya majengo, ni mwembamba kama mkuki. Unapendeza kama uzio lakini kivuli chake hakimtoshi mtu. Mkaratusi hunywa maji mengi, kivuli chake ni chepesi na matawi yake huanguka. Mkrismasi ni mzuri penye uwanja mpana, lakini mizizi yake ya juu juu huvunja kuta na matawi yake hukatika. Uwanjani kwa watoto, epuka kile kichaka cha ua chenye majani membamba na maua ya njano yenye umbo la kengele: mbegu zake ni sumu kali ya moyo.

Changanya aina. Marekani ililipata somo hili kwa gharama kubwa: mdudu mmoja anayetoboa miti iitwayo “ash” kwa Kiingereza, iliyokuwa imepandwa safu kwa safu mitaani, aliua takriban miti milioni 100. Mwaka 2013 mtafiti Geoffrey Donovan na wenzake, wakichunguza majimbo 15, walihusisha upotevu huo na zaidi ya vifo 15,000 vya magonjwa ya moyo na zaidi ya 6,000 vya magonjwa ya mapafu, juu ya idadi ya kawaida. Katika safu ya miti ishirini, aina nne au tano zinatosha kuhakikisha kuwa ugonjwa mmoja hautavua mtaa mzima kivuli chake.

Shimo, maji, kizimba

Panda mvua zikishashika. Pwani ya Tanzania na Kenya ina misimu miwili, masika ya Machi hadi Mei na vuli ya Oktoba hadi Desemba. Masika ni bora kwa kuwa mvua zake ni ndefu. Dodoma ina msimu mmoja, kuanzia Desemba, na anayechelewa hapo amepoteza mwaka.

Kitaluni usivutiwe na mche mrefu kupita wote. Tafuta wenye shina nene, wa kimo cha kiunoni hivi, usiotoa mizizi mingi chini ya kiriba. Uinamishe na uutazame: mizizi iliyojizungusha ndani ya kiriba kwa muda mrefu itaendelea kujizungusha ardhini na kuunyonga mti miaka kumi baadaye. Ukishaununua, kata mizizi iliyojiviringisha kwa wembe au kisu kikali kabla ya kupanda.

Chimba shimo la upana wa sentimita 60, kina kisizidi sana kimo cha kiriba. Tenga udongo wa juu, uchanganye na ndoo moja ya samadi iliyooza vizuri. Ondoa kiriba chote. Kiriba kilichobaki ardhini ni sababu ya kawaida ya mche kudumaa. Simamisha mche, shingo ya mizizi iwe sawa na uso wa ardhi, jaza, kanyagia taratibu, tengeneza kisahani cha udongo kuzunguka, mwaga lita 20 za maji. Tandaza nyasi kavu au majani kwa unene wa vidole vinne, yasiguse shina.

Kisha jenga kizimba cha fito siku hiyohiyo. Mbuzi hasubiri kesho.

Kiangazi cha kwanza upe mti ndoo moja ya lita 20 mara mbili kwa wiki, jioni. Kiangazi cha pili, mara moja kwa wiki. Maji ya kuoshea vyombo au kufulia yanafaa, mradi hayana dawa ya kuondoa madoa. Pasipo mtu wa kumwagilia kila mara, zika chupa ya maji ya lita moja na nusu ikiwa kichwa chini karibu na mizizi, kizibo kikiwa na tundu la msumari na kitako kimekatwa. Ikijazwa, maji hutoka tone kwa tone. Kila mti uwe na mtu wake kwa jina: duka lililo karibu, mkondo wa darasa, kijiwe. Mti wa wote haunyweshwi na yeyote.

Kupogoa kuanze mwaka wa pili. Ondoa matawi ya chini kidogokidogo, usizidi theluthi moja ya mti kwa mara moja, na ukate nje kidogo ya uvimbe ulio pale tawi linapoungana na shina. Usipigilie misumari ya mabango.

Kivuli kisilete mbu wala hofu

Malalamiko mawili husikika kila mtaa unapoanza kupanda, na yote yana majibu. La kwanza ni mbu. Mbu wanaoeneza dengue, ugonjwa uliolipuka Dar es Salaam mwaka 2014 na 2019, huzaliana kwenye maji kidogo yaliyotuama: matairi, makopo, vifuu, na wakati mwingine tundu la mti. Kila wiki geuza vyombo vinavyoshika maji, na tundu la shina lijaze mchanga. Sahani ya chungu cha maua nayo imwagwe.

La pili ni usalama, hasa kwa wanawake na wasichana usiku. Matawi ya chini yaanze juu ya kimo cha mtu, mita mbili au zaidi; vichaka vya kando ya njia visizidi kiuno; taa iwe chini ya matawi, si juu yake. Nyasi zifyekwe ili nyoka asijifiche na asiye na nia njema asijifiche. Mti mkavu au uliooza shina uripotiwe kabla ya msimu wa upepo.

Linda eneo la wazi lililopo

Mti wa miaka hamsini hauwezi kufidiwa na miche mia kwa muda wa kizazi kimoja. Ndiyo maana kulinda kilichopo ni kazi ya afya kama kupanda. Mwaka 1989 mwanamazingira wa Kenya Wangari Maathai alipinga jengo la ghorofa 60 lililokusudiwa ndani ya Uhuru Park jijini Nairobi. Alitukanwa hadharani, lakini mradi uliachwa. Muongo mmoja baadaye, Januari 1999, yeye na wenzake walipigwa wakijaribu kupanda mti katika Msitu wa Karura, uliokuwa umeanza kugawiwa wajenzi. Leo Karura una zaidi ya hekta 1,000 ndani ya jiji, na kila wikendi watu hukimbia, huendesha baiskeli na kutembea na watoto kwenye njia zake.

Kigali ilichukua ardhioevu iliyokuwa imeharibiwa na kuifanya bustani ya Nyandungu, yenye hekta 121, iliyofunguliwa mwaka 2022. Dar es Salaam, ambako eneo la Jangwani hufurika kila mvua zikizidi, mradi wa Bonde la Msimbazi unakusudia kuligeuza eneo la chini ya bonde kuwa bustani ya jiji. Udongo wenye mizizi hunywa maji ya mvua, na maji yanayozama hayachanganyiki na ya vyoo vilivyofurika mpaka kuleta kipindupindu.

Sheria iko upande wa mkazi. Kifungu cha 4 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, pamoja na haki ya kuyafikia maeneo ya umma kwa ajili ya burudani, elimu, afya, ibada, utamaduni na uchumi. Ibara ya 42 ya Katiba ya Kenya inatoa haki ya mazingira safi na yenye afya, na ya 69 inaitaka Serikali ifikishe miti kwenye asilimia 10 ya ardhi ya nchi kwa uchache.

Kuitumia haki hiyo kunahitaji karatasi. Nenda ofisi ya mipango miji ya halmashauri, au ya kaunti kwa Kenya, uulize mchoro wa eneo lako na matumizi yaliyoandikwa kwa kila uwanja wa wazi. Piga picha za uwanja ulivyo sasa. Peleka hoja kwenye mkutano wa mtaa na uhakikishe inaingia kwenye muhtasari. Kwa miti ya kando ya barabara, omba kibali kabla ya kuchimba: Tanzania, barabara nyingi za mitaa ziko chini ya TARURA na kuu ziko chini ya TANROADS. Upate hicho kibali kwa maandishi, maana mti uliopandwa kwenye hifadhi ya barabara bila ruhusa hukatwa bila maelezo.

Shule na zahanati zianze

Zahanati iangalie wapi wagonjwa na wajawazito wanasubiri. Mara nyingi ni benchi lililopakana na ukuta unaochomwa na jua. Miti miwili na benchi lililosogezwa chini yake hugharimu kidogo kuliko feni, na haikatikiwi umeme. Wodi zenye vitanda zipandiwe mti mahali mgonjwa aliyelala atauona.

Shule ianze na upande wa magharibi wa madarasa, kisha uwanja wa michezo, kisha mahali pa kula uji. Kila darasa lipewe mti wake, na likizo ya Desemba iwe na ratiba ya kumwagilia, kwa kuwa miche mingi ya shule hufa likizoni.

Baada ya kiangazi cha pili, pita tena na daftari lile la mwanzo. Hesabu miti iliyo hai, iliyokufa, na sababu ya kila iliyokufa: mbuzi, kiu, mchwa, gari, shoka. Andika pia ni sehemu zipi za kusubiri zilizopata kivuli na zipi bado. Orodha hiyo ipelekwe kwenye mkutano wa mtaa mwezi wa kwanza, ili mashimo ya kujazia yachimbwe mwezi wa pili na miche ichukuliwe kitaluni wiki ya kwanza ya masika.